Ithel Labda wa Benchi la Mlangoni

Marehemu alikuwa na tabia ya kuwasahihisha watu, hata waliokuja kumpa pole, kwa hiyo familia imeona tuanze na yaliyo sahihi. Jina lake lilikuwa Ithel Penri Rowlands. Wengi mliomo humu hamkuwahi kumwita hivyo. Chuoni aliitwa Profesa Rowlands, na hapa kijijini Nant-y-Fedwen, tangu akiwa na miaka saba, aliitwa Ithel Labda. Aliitikia majina yote mawili, ila la pili aliliitikia haraka zaidi. Maneno haya yameandikwa na familia na yanasomwa na Deiniol, mpwa wake. Dada wa marehemu, Bi Lowri Parry, ameyapitia yote, akafuta sifa alizoona zimezidi, na akaturuhusu kuyasema yanayomhusu yeye mwenyewe, jambo ambalo hatukulitarajia.

Alizaliwa Jumapili tarehe 14 Februari 1937, katika nyumba ya tatu ya safu ya Tai'r Graig, akiwa mtoto wa kwanza wa Griffith Rowlands, mpasuaji wa mawe ya kuezekea katika machimbo yaliyo juu ya kijiji, na mkewe Catrin, aliyekuwa mshonaji. Lowri alizaliwa miaka minne baadaye, na hapakuwa na mwingine. Baba yao hakuwa mtu wa maneno mengi nyumbani. Mkewe alikuwa akisema kwamba maneno yote aliyamaliza mchana kwenye kibanda cha chakula, ambako wachimbaji walikuwa na mwenyekiti wao, na walibishana juu ya mahubiri ya Jumapili iliyopita mpaka honi ya kurudi kazini ilie. Kibanda kile sasa hakina paa, lakini kuta zipo, na marehemu alipenda kuwapeleka wageni wake huko badala ya kuwaonyesha chuo.

Jina la Labda lilipatikana humu humu ndani ya kanisa letu la Penieli. Kila Jumapili watoto walisimama mbele ya kiti cha wazee wa kanisa, kila mmoja akasema mstari wake wa Biblia kwa moyo. Mwaka 1944 mzee aliyewasikiliza alikuwa Idwal Pugh, msimamizi wa machimbo, baba yake Mzee Emyr aliyeketi pale mbele leo. Ithel hakuwa amejifunza mstari wowote wiki ile, akasema ule mfupi kuliko yote, unaosema kwamba Yesu alilia kaburini kwa Lazaro.

"Leo umetuchagulia mrefu," Mzee Idwal akasema, na kanisa likacheka.

Mtoto hakuketi. "Mzee Idwal, alikuwa anajua kwamba atamfufua?"

"Alijua."

"Muda huohuo?"

"Muda huohuo, mwanangu."

"Sasa alilia nini?"

Watu wakaacha kucheka. Mzee Idwal akamtazama Griffith, Griffith akatazama viatu vyake.

"Unataka kusema Bwana hakujua?"

"Labda," Ithel akasema.

"Kaa chini."

Catrin alimfinya sikio mpaka wakafika nyumbani, na kesho yake shuleni akawa tayari ni Ithel Labda. Bi Lowri anasema anaikumbuka siku hiyo vizuri. Alikuwa na miaka mitatu, na familia imeona isibishane naye.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji, kisha tangu 1948 shule ya sekondari ya Machynlleth. Mwaka 1955 alikwenda Chuo Kikuu cha Bangor akiwa mtahiniwa wa uchungaji, baada ya kuhubiri mahubiri yake ya majaribio kwenye mimbari hii hii, na Penieli yote kumkubali. Mama yake alishakata kitambaa cha suti nyeusi. Huko Bangor alitakiwa kusoma falsafa kwa mwaka mmoja kama watahiniwa wote, akaisoma mitatu, na mwaka 1958 akamaliza na daraja la kwanza. Miaka miwili iliyofuata alikuwa Oxford. Hakuwahi kuisema vibaya, lakini alikumbuka kwamba watu wa huko walimaliza ubishi mapema ili wawahi chakula, wakati yeye alilelewa na watu waliokula haraka ili wawahi ubishi.

Mwaka 1960 alirudi na kuwaambia wazazi wake jikoni kwamba hatakuwa mchungaji. Baba akauliza, "Una kazi nyingine?"

"Bado."

"Basi kwanza kula."

Suti ile alikuja kuivaa siku ya harusi yake.

Oktoba 1961 aliajiriwa kuwa mhadhiri wa falsafa Aberystwyth, na huko ndiko alikofanya kazi mpaka alipostaafu tarehe 30 Septemba 2002. Alipewa uprofesa mwaka 1986. Alifundisha kwa Kiingereza na kwa Kiwelisi, wakati ambapo wapo waliosema falsafa haifundishiki kwa lugha ya wachimbaji. Hakuwajibu. Alibandika ratiba ya masomo ukutani, na darasa likajaa. Aliandika vitabu viwili, kimoja juu ya kuuliza na kingine juu ya kuahidi, na mwenyewe aliona kimoja kimezidi.

Kwa wale ambao hawakuvisoma, na hapa Nant-y-Fedwen ndio walio wengi, fikra yake kubwa ilikuwa hii. Alishikilia kwamba uongo hauko kwenye majibu peke yake. Mtu anayeuliza huku ameshaamua anadanganya sawasawa na anayejibu asichokiamini. Mfano wake ulikuwa wa mzazi anayemwuliza mtoto nani kavunja kikombe, naye alikuwa amesimama dirishani akimwona. Huyo, alisema, haulizi chochote. Amevaa nguo za muulizaji tu. Swali la kweli linamfanya anayeliuliza awe tayari kupata jibu asilolipenda. Wanafunzi wake wa zamani, ambao tunawaona wengi humu leo, wanakumbuka jinsi alivyowasumbua kwa jambo hilo. Mmoja alitusimulia kwamba alimfuata kwenye ngazi na kumwuliza kama mtihani utakuwa mgumu.

"Unauliza ujue, au unauliza nikuonee huruma?" akamjibu.

"Yote mawili, Profesa."

"Hapo umesema kweli. Utakuwa mgumu."

Hakuwa mtu mwepesi wa kuishi naye au kufanya kazi naye. Insha za wanafunzi alikaa nazo mpaka wengine walihitimu kabla hazijarudi. Mikutano ya idara iliyopangwa kwa nusu saa iliisha jioni kama yeye yumo. Alisahau siku za kuzaliwa za watu wote, na ya kwake pia. Haya Bi Lowri hakuyafuta.

Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa hapa Penieli na Nesta Morris wa Tregaron, mwalimu wa muziki, aliyekuwa na subira ya kutosha na ulimi wa kutosha. Mapema kabisa katika ndoa Nesta aliuliza, kama mke yeyote, kama mumewe angependa chai.

"Unauliza au unanijulisha?"

"Nakujulisha, Ithel. Na ukiniuliza tena hivyo, utakuwa unajichemshia."

Hakuuliza tena. Walijaliwa mtoto mmoja, Mared, aliyezaliwa mwaka 1970, ambaye sasa ni mhandisi wa maji Cardiff. Nesta alifariki tarehe 11 Mei 2009. Mwaka ule marehemu hakubishana na mtu yeyote, na kijiji kizima kiliona. Mwishoni mwa mwaka huo alirudi kuishi Tai'r Graig, kwenye nyumba ya wazazi wake, ukuta mmoja na ya dada yake.

Lipo jambo ambalo hakuna wasifu wa Ithel Rowlands utakaokamilika bila kulitaja, na wengi mnalijua nusu nusu. Mapema mwaka 1968 aliandika makala katika jarida la dhehebu letu, akisema kwamba yeye hawezi kusema kwa ukweli kwamba anaamini, na hawezi kusema kwa ukweli kwamba haamini, na kwamba anadhani wengi wenzake wako hivyo hivyo ila wana adabu zaidi. Alikuwa bado mshirika wa Penieli. Alhamisi tarehe 7 Machi aliitwa kwenye mkutano wa ushirika katika chumba cha nyuma, akaja kwa treni kutoka Aberystwyth akiwa na mwavuli wa Nesta. Mzee Idwal Pugh ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

"Ithel, tumekusoma," akasema. "Hatuna maneno mengi. Unaamini, au huamini?"

"Mzee Idwal, unauliza ujue, au unauliza tufunge mkutano?"

"Nauliza nijibiwe."

"Nikijibu ndiyo, nimewadanganya. Nikijibu hapana, nimewadanganya pia. Nipeni muda nilifikirie swali lenyewe."

"Muda gani?"

"Sijui."

"Ithel, mwanangu, labda siyo jibu. Nilikwambia ungali mtoto."

"Uliniambia nikae chini, Mzee."

Kura ilipigwa kwa kunyanyua mikono. Waliotaka atengwe walikuwa karibu chumba kizima, baba yake akiwa hayupo kwa sababu ya kifua na mama yake hakuja kwa sababu alijua yatakayotokea. Aliyekataa alikuwa mtu mmoja, Lowri, aliyekuwa na miaka ishirini na sita na kazi ya kupika katika shule ya kijiji. Mzee Idwal aliutazama mkono ule na kumwambia kwa upole kwamba ameuona na anaweza kuushusha. Hakuushusha mpaka kaka yake alipotoka.

Siku hizo mtu aliyetengwa hapa hakufukuzwa mlangoni. Aliruhusiwa kuja kama msikilizaji. Aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, akaimba, akasikiliza mahubiri, na Jumapili ya kwanza ya mwezi, kitambaa kinapoondolewa juu ya mkate na vikombe kwenye Meza ya Bwana, alinyanyuka na kutoka, akasubiri nje mpaka washirika wamalize. Wengi waliotengwa hawakuja kabisa, waliona aibu. Marehemu alikuja Jumapili ya kwanza iliyofuata. Alikaa benchi la mlangoni, akaimba besi, na kitambaa kilipoondolewa akanyanyuka, akatoka, akasimama ukutani chini ya mwavuli wa Nesta.

Hakuacha tena. Walipokuwa wakiishi Aberystwyth walikuja mara moja kwa mwezi, na siku aliyoichagua ilikuwa hiyo hiyo ya kwanza. "Mwezi una Jumapili nne," Nesta alimwambia, "wewe unachagua ile unayotolewa nje." Alimjibu kwamba akija siku nyingine atakuwa anakwepa. Lowri alihamia kiti cha pembeni kando ya njia, na kila kaka yake alipopita kwenda nje alimtilia peremende kiganjani bila kugeuza kichwa. Wazee wa kanisa waliiona peremende hiyo kwa miaka mingi, na hakuna aliyeigusia.

Kurudi kundini kulikuwa rahisi. Aliyetengwa alitakiwa kuomba, kisha aulizwe swali lile lile, ajibu. Marehemu hakuomba, kwa sababu jibu alikuwa hajalipata. Penieli haikumwita, kwa sababu kanuni ilitaka yeye ndiye aombe. Mzee Idwal alifariki mwaka 1981 akiwa bado anasubiri, na marehemu alilibeba jeneza lake. Alikuja mchungaji mwingine, kijana, akasema mambo ya kutenga watu yamepitwa na wakati, akapendekeza uamuzi ule ufutwe kimya kimya. Aliyekataa alikuwa marehemu mwenyewe. Alisimama kwenye benchi la mlangoni na kusema, "Mliniuliza. Sijajibu. Msijifanye hamkuuliza." Basi akaendelea kutoka nje, na kwa kweli wapo waliodhani anaringa.

Bi Lowri hakudhani hivyo, lakini jambo hilo lilimtesa. Ametuambia tuliseme wazi. Yeye anaamini, na aliogopa. Kila Jumapili ya kwanza alipousikia ule mlango ukifungwa nyuma yake aliogopa kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa hata siku ya mwisho, yeye ndani na kaka yake nje, na safari hiyo hakutakuwa na kumkuta ukutani baada ya wimbo. Mwaka 1999 alichaguliwa mzee wa kanisa, mwanamke wa kwanza hapa, na watu walimtania kwamba sasa ana nafasi ya kumfungulia kaka yake mlango. Aliendelea kukaa kiti cha pembeni badala ya kiti cha wazee, kwa ajili ya ile peremende.

Mwaka 2019 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Mikono ilianza kutetemeka, kisha miguu ikawa mizito. Aliendelea kusoma, Lowri akimfungulia kurasa, na aliendelea kutoka nje, kwanza kwa fimbo, kisha kwa fimbo na bega la Mzee Emyr, ambaye alimpeleka hadi ukutani, akarudi ndani kugawa mkate, kisha akaenda kumchukua. Yeye na Lowri walikuwa na mazungumzo yao kila siku saa kumi, kwa chai na mkate wa zabibu kavu, na majira ya kuchipua mwaka huu Lowri alianza kumbana.

"Kaka, omba tu. Neno moja."

"Neno gani?"

"Ndiyo."

"Kwa swali lipi?"

"Usinianze. Unalijua swali."

"Nalijua. Nikisema ndiyo ili wewe ulale usingizi, utaitaka ndiyo ya namna hiyo?"

Lowri akamsogezea sahani. "Nitaitaka," akasema. Kisha, "Hapana, sitaitaka. Kula mkate wako."

Jumapili tarehe 1 Oktoba mvua ilikuwa ya manyunyu. Marehemu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na Emyr na Deiniol wakamhamishia kwenye benchi lake kwa sababu hakukubali kukaa njiani kama mzigo. Kuhubiri alihubiri Mchungaji Anwen Bevan, ambaye ana makanisa manane na alikuwa na miezi miwili tu nasi. Aliposhuka mimbarini na Emyr akaondoa kitambaa mezani, marehemu aliweka mikono kwenye mgongo wa benchi la mbele, akajivuta. Hakunyanyuka. Akajivuta tena. Washirika, ambao siku hiyo walikuwa tisa pamoja na Lowri, walitazama mbele, kila mtu akisikia ule ubao ukilia.

Mchungaji Anwen, ambaye ana roho nzuri na alikuwa bado hajatujua, alichukua sahani akashuka nayo mpaka nyuma.

"Profesa, utapokea?"

"Asante, Mchungaji," marehemu akasema. "Ila usinipe kwa sababu miguu imegoma."

Mchungaji akabaki amesimama na sahani. Kumpa haikuwezekana, amekataa. Kula mbele yake na yeye ameketi hapo, baada ya miaka yote ya kutoka kwa miguu yake, hakuna aliyeweza. Kumbeba nje mvuani, mtu mgonjwa, nani angefanya hivyo? Ndipo Mzee Emyr Pugh akasafisha koo kwenye kiti cha wazee.

"Basi tutoke sisi," akasema.

Na wakatoka. Emyr alibeba sinia la vikombe vidogo, Mchungaji akabeba mkate chini ya koti lake, na washirika wengine wakafuata na vitabu vyao vya nyimbo, wenye fimbo na wenye magongo, wakapita mbele ya benchi la mlangoni mmoja mmoja na kumwitikia kwa kichwa. Walikwenda kusimama pale pale ukutani anaposimama yeye. Mlango ukafungwa. Waliobaki ndani walikuwa wawili, kwa sababu Lowri hakunyanyuka. Alikuwa hajakosa Meza ya Bwana hata mara moja tangu alipokuwa na miaka kumi na mitano. Alitoka kiti chake cha pembeni, akaja kukaa naye nyuma.

"Nenda," marehemu akamwambia. "Watakunywa chako."

"Wanywe."

Nje walianza kuimba, sauti nyembamba, bila besi.

"Kaka," Lowri akasema, "huwa unakuja kwa nini?"

"Unauliza ujue?"

"Nauliza nijue. Miaka yote hii nimekuombea urudi, sijawahi kukuuliza unakuja kwa nini. Mimi sijui kabisa."

Marehemu alifumba macho. Bi Lowri anasema alidhani amesinzia.

"Unakumbuka lile swali langu la Lazaro?"

"Ukaambiwa ukae chini."

"Sijaacha kulifikiria. Nadhani alifika akawakuta wale dada wawili wanalia. Yeye alijua atakachofanya, lakini wao walikuwa hawajui. Akashindwa kusimama pale na macho makavu. Nadhani ni hilo tu."

"Na wewe je?"

"Mimi sijui anayewasikia humu, Lowri. Nimejaribu kujua nimeshindwa. Lakini unakuja hapa kila wiki na kilio chako, mimi siwezi kukaa nyumbani na macho makavu."

Bi Lowri alilia. Ametuambia tusiseme kwamba macho yake yalilowa. Alilia kwa sauti, na kaka yake akamshika mkono kwa mkono unaotetemeka, na hawakujua mkono upi unautikisa mwingine. Kisha Bi Lowri akatafuta mfukoni, akatoa peremende mbili badala ya moja.

Mlango ulifunguliwa, wakaingia wakiwa wamelowa. Mzee Emyr alisimama mbele ya benchi na sinia tupu, maji yakimtiririka kwenye miwani.

"Ithel, huko nje kuna baridi," akasema.

"Ipo."

"Mbona hujawahi kutuambia?"

"Hamjawahi kuuliza."

Alhamisi tarehe 19 Oktoba Mzee Emyr aliitisha mkutano wa ushirika katika chumba kile kile cha nyuma. Alisema hapendekezi Ithel arudishwe kundini, kwa sababu hakuomba, na akisikia amerudishwa bila kuomba atatusumbua mpaka Krismasi. Anapendekeza jambo moja tu: kwamba katika Penieli, kuanzia sasa, kitambaa kikiondolewa mezani asitoke mtu. Atakayetaka kupokea apokee, na asiyepokea akae na wenzake kwenye joto. Ilinyanyuliwa mikono tisa. Mkono wa Bi Lowri ulikuwa mmoja wao, na safari hii ilibidi autafute mwenyewe na kucheka, kwa jinsi ulivyopotea katikati ya mingine.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kumwambia kitandani.

"Jumapili ya kwanza hutoki."

"Nani ameomba?"

"Hakuna aliyeomba. Ni kwa kila mtu. Umebaki wewe tu wa kutoka, lakini ni kwa kila mtu."

Marehemu akalifikiria. "Unataka nikae?"

"Unauliza ujue?"

"Nauliza nijue."

"Nataka sana, kaka."

"Labda," akasema. Bi Lowri alilisikia neno hilo maisha yake yote, na anasema hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyolala nalo usingizi.

Alifariki dunia nyumbani Tai'r Graig alasiri ya Alhamisi tarehe 26 Oktoba 2023, akiwa na miaka themanini na sita, Lowri upande mmoja wa kitanda na Mared upande wa pili. Madaktari walisema ni mapafu. Chai ya saa kumi ilikuwa tayari imemiminwa kikombeni. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni kesho.

Marehemu ameacha dada yake Lowri. Binti yake Mared na mkwe wake Tecwyn. Wajukuu wawili, Heledd na Iolo. Mpwa wake Deiniol. Wanafunzi ambao baadhi yao bado wanamdai insha zao. Na washirika tisa wa Penieli, ambao hakuwa mmoja wao na hakuwakosa hata mwezi mmoja. Familia inamshukuru Mchungaji Anwen, wauguzi wa Machynlleth, na Mzee Emyr kwa bega lake.

Mmeona kwamba jeneza halikuwekwa mbele ya kiti cha wazee kama ilivyo desturi. Emyr alitaka liwe mbele. Bi Lowri alisema hapana, liwekwe hapo lilipo, kando ya benchi la mlangoni, kwa sababu hapo ndipo alipokaa. Kwa hiyo wimbo wa mwisho utakapokwisha atatangulia kutoka, kama alivyotangulia siku zote. Ila leo hakuna atakayebaki ndani. Tutatoka naye sote, na Bi Lowri atakuwa wa kwanza nyuma yake. Tayari ana peremende mkononi.

Ithel Labda, apumzike kwa amani. Na kama huko yupo wa kumwuliza swali, amwulize kwa kutaka kujua.